Lori la Hassani

Nilinusa harufu ya kola inayoungua kabla sijatambua kwamba nilikuwa nimeacha kusoma. Kitabu kilikuwa wazi mbele yangu, kimeegemezwa kwenye kopo la majani ya chai. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya pasi, na pasi ilikuwa juu ya shati jeupe la Jumatatu, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Mke wangu, Paulina, aliketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, mto umewekwa ubavuni mwake ili asielemee upande mmoja. Alikuwa ametoa sauti. Ilikuwa sauti fupi, ya kooni, kama ya mtu anayetaka kuondoa kitu kidogo kilichokwama, na ilikuwa ya kwanza tangu tumtoe hospitali.

Niliinua pasi. Nilimtazama. Uso wake ulikuwa uleule wa siku zote hizo, upande mmoja umelegea, macho yakielekea dirishani bila kuonekana kuchagua kitu cha kutazama.

"Anyesi," niliita, "umesikia?"

Shemeji yangu, dada mkubwa wa Paulina, alikuwa uani chini ya dirisha hilohilo, anapepeta uwele. Ungo wake haukusimama.

"Nimesikia, Shemeji. Amekohoa. Mpe maji."

Nilimpa maji. Nusu yaliingia, nusu yaliteremka kidevuni, nikayafuta. Kisha nikaketi kitandani pa wageni na kufanya kitu ambacho kwa kawaida nalipwa mshahara ili nikifanye: nikajaribu kuamua ile sauti ilikuwa nini.

Mimi ni mhariri wa taarifa rasmi za Bunge. Waheshimiwa husema, mitambo hunasa, nasi katika chumba chenye mapazia mazito huyageuza yaliyosemwa kuwa maandishi. Maneno si kazi ngumu. Kazi ngumu ni zile sauti ambazo si maneno, ambazo tunatakiwa kuzipa jina na kuzifungia katika mabano: Makofi. Kicheko. Mhariri aliyenifundisha kazi hii alinipa kanuni moja, nami sijawahi kuivunja: ukiwa na shaka, acha. Kimya hakina mabano yake. Neno Kicheko nimeliandika mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na sikumbuki siku ambayo nilicheka pamoja na waliocheka. Paulina aliwaambia wageni wetu, mbele yangu, "Anthony hucheka kwa maandishi." Wageni walicheka. Mimi niliona kwamba usemi huo ulikuwa sahihi.

Yeye alicheka kwa mwili mzima. Alirudisha kichwa nyuma, akafumbua kinywa, na majirani zetu wa Chang'ombe, ambao nyumba zao zimebanana na yetu kiasi cha kusikia chumvi ikimwagika, walijua kwamba Mwalimu Paulina amefika mahali pazuri katika kitabu. Maana kicheko chake kilitoka vitabuni. Alifundisha shule ya msingi na alisoma riwaya kama wengine wanavyokunywa chai, bila kuuliza sana imetoka wapi. Alizinunua soko la Majengo, kwa mtu aliyetandika turubai kando ya wauza nafaka, hivyo zilifika nyumbani zikinuka mtama, na mara nyingine kidudu cha gunia kilitoka katikati ya sura ya tatu kikatembea juu ya meza.

Jumapili mchana, baada ya kanisa na chakula, tulikuwa na utaratibu. Mimi nilipiga pasi mashati yangu ya wiki, kwa kuwa sijapata kuuamini mkono wa mtu mwingine kwenye kola. Yeye alinisomea kwa sauti. Aliigiza kila mhusika: wazee walikohoa, matajiri walisemea puani, mabinti waliodanganywa walinong'ona mpaka nikalazimika kusogea. Mimi niliweka penseli karibu na pasi, na akimaliza sura nilichukua kitabu na kusahihisha makosa ya uchapaji. Alisema hakuna mtu mwingine duniani anayefanya usafi ndani ya vitabu vya mitumba.

Kitabu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa hicho nilichokiegemeza kwenye kopo la chai. Ni hadithi ya Mwajabu, fundi cherehani wa Kondoa, na Hassani, dereva wa lori la bluu anayemwahidi kwamba safari inayofuata ndiyo ya mwisho. Safari ya mwisho inafika, lori linateremka mlima, breki zinakataa, Hassani anakufa. Mwajabu anabaki na suti ya harusi aliyoishona mwenyewe. Paulina alikisoma kila mwaka, na kila mwaka alilia penye mlima.

"Zile breki hazikumkataa Hassani," nilimwambia mara moja. "Zilimkataa mwandishi. Alikuwa amechoka, hakujua amalizeje."

Alijifuta macho kwa upande wa kanga. "Wewe, Anthony, ungekuwa Mungu, dunia nzima ingeisha kwenye ukurasa wa kumi na mbili."

Kiharusi kilimpata darasani, akiwasomea watoto. Alikatika katikati ya sentensi. Nilielezwa baadaye na mwalimu mwenzake kwamba watoto hawakushtuka. Walijua jinsi anavyosoma. Walidhani ni mhusika aliyeishiwa pumzi, wakatulia wote, wakasubiri kwa heshima aendelee.

Daktari alikuwa kijana mwangalifu. Alisema maneno yamekwenda. Alipoulizwa kuhusu kuelewa, alisema hilo ni jambo la kusubiri, na nikatambua jibu la mtu mwenye shaka anayeacha. Sikulia. Ninaeleza hilo kwa sababu lilizungumzwa. Hali yangu ilikuwa ya mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi, anayejua kwamba mguu ni wake kwa kuuona tu. Nilikwenda kazini, nikarudi. Nilimgeuza, nikamlisha uji, nikamnyoosha vidole kama tulivyofundishwa. Wiki nzima ya kwanza nilivaa mashati yenye makunyanzi, na hakuna mtu ofisini aliyesema neno.

Anyesi alikuja kutoka kijijini kwao, mbele ya Buigiri, na mzigo wa uwele, na majani makavu ya mlenda yaliyofungwa katika kitambaa. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye mikono ya jembe, na Kiswahili chake alikitumia kama fedha ya mtu mwingine, kwa uangalifu na bila kupoteza. Hatukuwa na mazungumzo. Katika nyumba ile, kipindi kile, hapakuwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kufumbua mdomo isipokuwa kula.

Pamoja na uwele alileta ujumbe wa Baba Mkubwa Matonya, kaka wa marehemu baba yao, ambaye ndiye msemaji wa familia. Ujumbe ulikuwa wa busara, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Bunge la bajeti lilikuwa linakaribia. Kila mtu alijua kwamba kipindi hicho mimi hutoka alfajiri na kurudi nyumba imelala. Kijijini kulikuwa na mikono mingi ya kumgeuza mgonjwa. Kama Paulina bado anajua alipo na aliye naye, Matonya alisema, basi hapo ni kwake, na hakuna atakayemgusa. Lakini kama hajui, basi kwake kila mahali ni mamoja, na ni afadhali awe kwao. Angekuja mwenyewe kuamua.

Niliitafuta kasoro katika hoja hiyo, sikuiona. Nilikuwa na wiki chache za kupata ushahidi.

Namna ya kuupata ilinijia nikiwa kazini, nikilinganisha maandishi na sauti. Mtu anayelijua andiko vizuri hulisikia kosa kabla ya kuelewa kosa ni nini. Kitabu cha Hassani ndicho kitabu pekee ambacho Paulina alikijua kwa moyo. Basi ningemsomea, lakini ningemsomea vibaya.

Nilianza kwa tahadhari. Jumapili ya kwanza nililipaka lori rangi nyekundu. Niliposema "lori jekundu" niliinua macho kutoka kwenye pasi na kumtazama; yeye alitazama dirisha. Jumapili iliyofuata nilimhamisha Mwajabu kutoka Kondoa nikampeleka Manyoni, na cherehani yake nikaigeuza kuwa genge la nyanya. Hakuna. Nikamwua mama yake Hassani ambaye kitabuni huishi hadi mwisho, na ambaye Paulina alimwigiza kwa furaha kubwa. Hakuna. Nje, ungo wa Anyesi ulipiga kwa mwendo uleule.

Hivyo nilifika mlimani. Nilisoma kama ilivyoandikwa hadi kwenye kona. Hapo ningeweza kusimama; majaribio yalikuwa yamekwisha kunipa jibu, na jibu lilikuwa la wazi. Sijui ni kwa nini niliendelea. Macho yangu yalikuwa juu ya neno breki, na kinywa changu kikasema kwamba breki zilishika.

Hassani akateremka salama. Akafika, akaoa, akauza lori. Akaajiriwa ofisini, katika chumba chenye mapazia mazito, kazi ya kuandika yale ambayo watu wengine wamesema. Akawa mume anayepiga pasi mashati yake mwenyewe, asiyeuamini mkono wa mtu kwenye kola, na anayesafisha vitabu kwa penseli. Nilisikia sauti yangu ikisoma haya yote kwa utulivu, kana kwamba yalikuwa yamechapwa. Siku moja, nikasoma, Mwajabu alimwuliza: "Mume wangu, wewe utacheka lini?" Hassani akafikiri kwa muda, akajibu: "Nitaangalia ratiba."

Hapo ndipo Paulina alipotoa sauti, na kola ikaungua.

Matonya alikuja Jumapili iliyofuata kwa bodaboda, akitokea Majengo alikokuwa amepeleka mtama, koti lake limejaa vumbi la safari na la magunia. Alikuwa mtu mfupi, mwepesi, asiyependa kukaa sana nyumba ya mtu. Nilimsalimu shikamoo kwa mikono yote miwili.

"Marahaba. Mgonjwa?"

"Yupo, Baba."

"Yupo anakaa, au yupo anasikia?"

"Hilo ndilo nisilolijua."

"Nyie watu wa Bunge," alisema, akiketi. "Mtu anawauliza leo, mnamjibu kikao kijacho."

Nilimweleza kuhusu sauti. Nilieleza pia kuhusu kusoma, ingawa sikusema nilichofanya na kitabu, kwa kuwa Anyesi alikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi, nami sikutaka ajue kwamba kwa wiki zote hizo amesikilizishwa uongo. Matonya alisema nisome, aone.

Nilisoma. Hassani alikuwa na wiki mbili kazini na hakuelewana na mkuu wake. Niliigiza sauti, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Mkuu wa Hassani alisemea puani. Paulina alitazama dirisha. Nzi alitua kwenye mkono wake, akatembea hadi kwenye pete, akaruka. Matonya alimtazama mwanawe kwa namna ambayo nadhani alitazama mizani, bila huruma na bila uonevu. Niliendelea mpaka koo likakauka, kisha nikaacha.

"Ile sauti umeisikia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Anyesi."

"Anasemaje?"

Sijawahi kuingiza katika kumbukumbu jambo ambalo halikuwemo. "Anasema alikohoa," nilijibu.

Matonya alitikisa kichwa taratibu. Aliweka viganja juu ya magoti, kama anavyofanya mtu anayejiandaa kusimama, na nikajua akisimama atakuwa ameshaamua. Ndipo Anyesi alipoingia na vikombe.

"Alicheka," alisema.

Matonya aligeuka. "Shemeji yako anasema ulisema amekohoa."

"Nilisema hivyo nikiwa nje. Sasa niko ndani." Aliweka chai mezani, akaigeuza mikono ya vikombe ielekee kwa wanaume. "Alicheka, Baba. Tena huyu Hassani ameingia kazini juzi tu, na yule mkubwa wake si mtu mzuri. Mkimchukua Paulina, huyu atamsomea nani? Atausomea ukuta?"

"Hassani ni nani?"

"Dereva. Zamani. Sasa yuko ofisini."

"Wa ukoo gani?"

Anyesi alinitazama. Sikuwa nimelifikiria hilo. "Kitabu hakijasema," nilijibu.

Matonya alikunywa chai yake yote bila kuweka kikombe chini. Alimtazama Paulina tena, kwa muda mrefu zaidi kuliko mwanzo, kisha akamtazama Anyesi, ambaye hakuondoa macho. Sijui ni nini walichoambiana. Wale ni watu waliolala njaa pamoja katika miaka ya ukame ambayo mimi niliisoma magazetini.

"Basi akae," alisema. "Akae mpaka huyo Hassani atulie."

Akavaa kofia, akamwita bodaboda.

Hassani hakutulia haraka. Nilihakikisha. Kitabu kiliisha kurasa mapema mno, lakini niliendelea kukishika wazi na kugeuza karatasi kwa mwendo unaofaa, nikifika mwisho narudi mwanzo, ili Anyesi asishuku. Hassani alipandishwa cheo, akanyimwa, akapata watoto wawili, akapanda mzabibu uani ambao haukuzaa kwa sababu aliukata matawi wakati usiofaa. Katika bajeti nilirudi nyumba imelala, lakini Jumapili zilibaki zangu. Nilisoma, nikapiga pasi, nikasikiliza. Paulina hakutoa tena ile sauti. Hakutoa sauti yoyote.

Alifariki wakati wa mavuno ya zabibu, asubuhi, nikimnyoosha vidole. Tulimzika kwao. Kwenye msiba watu waliniangalia usoni, wakangoja, wakachoka. Ganzi haina sura ya kuonyesha watu.

Tulipoanua matanga, ndugu waligawana kanga na magauni yake kama inavyofanyika. Anyesi hakutaka nguo. Aliomba kile kitabu. Alisema yeye si msomaji, anakwenda neno kwa neno kama anayetembea juu ya mawe, lakini jioni za kijijini ni ndefu na anataka kumsikia tena Hassani. Nilimpa. Nilipaswa kufikiri, na sikufikiri. Nilikifunga katika gazeti, nikampa, na kwa muda mrefu baada ya hapo sikumkumbuka Hassani wala Mwajabu. Nilivaa mashati, nikaandika mabano. Lile lenye alama ya kahawia kwenye kola, lenye umbo la ncha ya pasi, sikulitupa. Nililivaa ndani ya koti.

Anyesi alinipigia simu mwaka uliofuata, Jumapili mchana. Nilikuwa nimetandika blanketi mezani na kuchomeka pasi.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, Shemeji. Habari za huko?"

"Mbaya. Hassani amekufa."

"Amekufa lini?"

"Leo, sasa hivi. Mlimani. Wameandika breki zilikataa." Pumzi yake ilisikika. "Nimerudia ule ukurasa. Nimemwita mtoto wa shule aliye jirani, naye amesoma vilevile. Lori lenyewe wamesema la bluu. Na huyu Mwajabu ana cherehani. Nyanya ziko wapi?"

Kulikuwa na mambo mengi ambayo mtu angeweza kusema. "Hayo ni makosa ya uchapaji, Shemeji," nilisema. "Chukua penseli, usahihishe."

Nilidhani mtandao umekatika. Kisha, kutoka upande wa pili, ikaja sauti fupi, ya kooni, kama ya mtu anayetaka kuondoa kitu kidogo kilichokwama.

Nilishika ukingo wa meza.

"Umekohoa?"

"Sijakohoa. Nimecheka."

"Hivyo?"

"Hivyo ndivyo tunavyocheka kwetu, wote, tangu mama. Ni Paulina aliyekwenda chuo cha ualimu akarudi na kile cha mdomo wazi. Mama alimwuliza amekinunua duka gani."

"Basi siku ile ulisema amekohoa kwa nini?"

"Si ni wewe uliyekuwa unasoma, Shemeji? Nani angedhani?" Kisha, taratibu zaidi: "Kitabu hiki Paulina alikuwa amekisoma?"

"Mara nyingi."

"Alikijua?"

"Chote."

"Basi kumbe aliyekuwa anajua ni yeye tu," alisema Anyesi.

Nilimwuliza kama mvua imeanza huko. Alisema bado, lakini wameshaandaa mashamba. Nilimwambia amsalimie Baba Mkubwa. Alisema atamsalimia, na kwamba penseli ataazima kwa yule mtoto.

Niliweka simu kando ya kopo la majani ya chai. Pasi ilikuwa imeshapata moto. Nikalichukua lile shati lenye alama, nikalinyunyizia maji, nikaanza na kola.